PAWASAPLAI: KISANDUKU KINACHOBEBA MZIGO WOTE WA TARAKILISHI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Watu wengi wakienda kununua tarakilishi huuliza maswali matatu tu: prosesa ni gani, memori ni kiasi gani, na diski ina ukubwa gani. Ni nadra umsikie mtu akiuliza habari za kile kisanduku cha bati kilichojibanza nyuma, chenye feni na tundu la kuchomeka waya wa stima. Mafundi wa mjini hukiita pawasaplai, nami nitakiita hivyo hivyo ili ukienda dukani tusikuchekeshe.

Kazi yake si ndogo. Stima ya ukutani hapa kwetu Kenya ni ya volti 240, nayo huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa kila sekunde. Tarakilishi haiwezi kula chakula cha namna hiyo. Inataka umeme unaokwenda upande mmoja tu, tena wa kiasi kidogo: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Pawasaplai ndiyo mpishi. Ukichungulia ndani ya kasha utaziona nyaya zake: za manjano ni za volti 12, nyekundu ni volti 5, za rangi ya chungwa ni volti 3.3, na nyeusi ndizo za kurudishia mkondo. Hizo za manjano zikumbuke sana, maana mzigo mzito wote siku hizi unapitia huko.

Kwa nini nimeamua kuandika juu ya jambo hili katika jarida la Kiswahili? Ni kwa sababu ya ile mashine ya pembeni katika chumba chetu cha tarakilishi. Kila mwanafunzi anaijua. Ilikuja ikiwa mashine ya kawaida ya ofisini, ya mtumba kutoka Uingereza. Baadaye ikaongezwa diski moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, hadi zikawa nne. Chama cha uigizaji nacho kikatiwa kadi ya picha ili filamu za tamasha zihaririwe humo. Sasa ukiitumia kuandika barua, inafanya kazi bila neno. Lakini filamu ikianza kutayarishwa, baada ya dakika kumi hivi, pap! Kiza. Kuna waliosema ni virusi, na kuna waliosema ati chumba kina mashetani. Jamani! Kumbe wenzetu wa Kidato cha Nne wamehifadhi miradi yao ya mtihani wa Somo la Kompyuta katika diski zizo hizo, na diski inayokatiwa stima ikiwa katikati ya kuandika inaweza kuharibu faili isifunguke tena. Hilo si jambo la kuchekea.

Tupige hesabu basi, kwa kuwa dawa ya fumbo hili imo katika Fizikia yetu wenyewe. Mashine hiyo ina prosesa ya Core i7-4790, ambayo Intel waliipima kuwa ya wati 84. Kadi ya picha ni GeForce GTX 1660 Super, wati 125. Diski ya kuzunguka ikiwa kazini hula kama wati 8, kwa hivyo nne ni 32. Mathabodi, memori, feni na vitu vya kuchomeka tuzipe 50. Jumla ni wati 291. Na pawasaplai yake? Kibandiko kinasema 290! Yaani ni kama kumbebesha punda gunia lenye uzito wake mwenyewe, halafu umwambie akimbie mlimani.

Tena hesabu hiyo ni ya wakati wa utulivu. Diski ya kuzunguka inapoamka asubuhi huhitaji nguvu zaidi ya kuanza kuzunguka, hata ampea 2 katika waya wa volti 12, ambazo ni wati 24 kwa diski moja. Nne zikiamka pamoja ni wati 96. Kadi za picha nazo zina tabia ya kuruka: kwa nukta ndogo mno ya sekunde kadi huweza kuvuta umeme kupita kiwango chake kilichoandikwa, kisha ikashuka. Ndiyo maana kanuni za Intel zinazoitwa ATX 3.0, zilizotolewa mwaka wa 2022, zinadai pawasaplai ya mashine za kadi kubwa istahimili miruko ya mara mbili ya nguvu zake kwa muda huo mfupi kabisa. Pawasaplai njema ikizidiwa hujizima yenyewe ili isiungue. Kwa hivyo mashine yetu kuzima si laana. Ni kisanduku kinachosema "nimechoka". Mbovu haisemi kitu. Huendelea kubeba hadi inuke moshi, na ikifa huweza kufa na mathabodi na diski pia.

Basi ununue ya wati ngapi? Mimi naona ni vyema mzigo wako uchukue kama sehemu sita kwa kumi za uwezo wa pawasaplai. Chukua 291, gawanya kwa 0.6, unapata 485. Kwa hivyo ya 500 au 550 inatosha sana. Wapo vijana wanaokimbilia ya 1000 kwa kujigamba. Hao wanapoteza pesa tu. Mashine huvuta kiasi inachohitaji, wala kisanduku kikubwa hakiisukumii umeme wa ziada.

Hapa sasa ndipo penye mtego, na ningeomba usome polepole. Idadi ya wati iliyochapishwa kwa herufi kubwa nje ya kisanduku si ya kuaminiwa peke yake. Kigeuze utafute jedwali dogo lililobandikwa ubavuni. Humo kila volti imeandikiwa ampea zake. Tafuta safu ya +12V. Mwalimu wa Fizikia ametufundisha kuwa nguvu ni volti mara ampea. Niliwahi kuiona moja mjini, nje imeandikwa 500 kwa rangi ya dhahabu, lakini safu ya volti 12 inasema ampea 16. Kumi na mbili mara kumi na sita ni 192. Zile wati nyingine ziko wapi? Zimetawanywa kwenye volti 5 na 3.3, mahali ambapo tarakilishi za kisasa hazihitaji nyingi hivyo. Prosesa na kadi ya picha hula kwenye volti 12. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 itakuwa na ampea 45 hivi katika safu hiyo, yaani karibu nguvu zake zote. Ukikuta jedwali halipo kabisa, rudisha kisanduku juu ya meza na umuage mwenye duka kwa heshima.

Kuna alama nyingine ya 80 PLUS. Mpango huu ulianza mwaka wa 2004, nao hupima ni kiasi gani cha stima ya ukutani kinachofika ndani bila kupotea kama joto. Ya kawaida hufikisha angalau asilimia 80. Ya Bronze, ikibeba nusu ya mzigo, hufikisha 85 kwa kipimo cha volti 115. Tuseme mashine inahitaji wati 250. Kisanduku hafifu cha asilimia 70 kitavuta 357 ukutani, cha 85 kitavuta 294. Tofauti ni 63. Kwa saa nane ni kama nusu ya uniti kila siku, na sote tunajua tokeni zinavyokwisha. Ila alama hiyo inapima upotevu tu, haikuhakikishii kwamba kisanduku kina kinga ya kuzidiwa. Kinga hizo hutajwa katika karatasi ya maelezo, zisome.

Nyaya nazo zina mambo yake. Tundu la kadi kwenye mathabodi hutoa wati 75 peke yake. Zaidi ya hapo kadi hutaka waya wake: wa pini 6 huleta 75 nyingine, wa pini 8 huleta 150. Kadi yetu inataka wa pini 8, na pawasaplai za ofisini mara nyingi hazina. Watu basi hununua waya wa kuunga kutoka kwenye mdomo wa diski wa SATA. Tafadhali, usithubutu. Mdomo huo umetengenezewa ampea 4.5 tu za volti 12, yaani wati 54. Ukiulazimisha ubebe 150, plastiki huyeyuka, na moto hauulizi hodi.

Tena mashine za mtumba zina ujanja wake. Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, mathabodi yake hupokea umeme kwa tundu la pini 8, ilhali pawasaplai za kawaida huja na pini 24. Waya wa kubadilisha unapatikana, lakini ni lazima uujue kabla ya kulipa. Na zile ambazo nyaya zake huchomolewa, usichanganye nyaya za kampuni moja na nyingine hata kama zinaingia sawasawa. Mpangilio wa ndani hutofautiana, na diski zako zaweza kuungua kwa sekunde moja.

Kuhusu stima kukatika: pawasaplai nzuri hushikilia mzigo kama milisekunde 16 hivi baada ya umeme kupotea. Muda huo unatosha betri ya akiba kushika zamu, ila hiyo betri nayo iwe ya kiasi. VA si wati. Nyingi za VA 650 hutoa wati 400 au chini yake.

Usifungue kisanduku chenyewe, hata baada ya kuchomoa waya. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 kwa muda.

Na siku ambayo ofisi itatoa pesa, anayetumwa mjini aichomoe ile ya zamani aibebe mkononi. Alinganishe urefu, matundu ya skrubu na midomo ya nyaya palepale kaunta, aulize garanti ni ya miaka mingapi, kisha ndipo atoe pesa mfukoni. Miradi ya Kidato cha Nne inakiliwe kwenye diski ya nje kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa.