Hisabati, Shule na Mzazi: Fundisho Kutoka Kenya

Mazungumzo ya leo baada ya habari yanaelekea nchi jirani ya Kenya, ambako jambo linaloonekana dogo, yaani mtoto wa miaka 14 asome hisabati ya aina gani, limewatia wazazi wengi wasiwasi na kuzua mjadala wa taifa zima.

Kwa muda mrefu Kenya ilifuata mpango wa elimu ulioanza mwaka 1985, wa miaka minane ya shule ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Mpango huo umepisha mtaala mpya unaopima zaidi kile mwanafunzi anachoweza kutenda kuliko kile anachoweza kukariri. Sasa mtoto husoma shule ya awali miaka miwili, shule ya msingi miaka sita, sekondari ya chini miaka mitatu, na sekondari ya juu miaka mitatu. Kundi la kwanza liliingia gredi ya 7, ambayo ndiyo mwanzo wa sekondari ya chini, mwaka 2023. Kundi hilo hilo lilifanya mtihani wa gredi ya 9 mwishoni mwa mwaka 2025, likiwa na watoto zaidi ya milioni moja, na likaanza gredi ya 10 mwezi Januari, 2026.

Mwanafunzi anapoingia sekondari ya juu hupangiwa mkondo mmoja kati ya mitatu. Wa kwanza ni wa sayansi, ufundi, uhandisi na hisabati. Wa pili ni wa sayansi ya jamii. Wa tatu ni wa sanaa na michezo. Shabaha iliyotangazwa na serikali ni kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa kwanza, asilimia 25 wa pili, na asilimia 15 wa tatu.

Hapa ndipo hisabati ilipogeuka kuwa hoja nzito. Mapema mwaka 2025 mwongozo wa masomo ya sekondari ya juu haukuitaja hisabati miongoni mwa masomo ya lazima kwa wanafunzi wote. Wazazi, walimu na wataalamu waliupinga mpango huo, wakiuliza taifa litapata wapi mafundi na wanasayansi ikiwa watoto wataruhusiwa kuikimbia hisabati wakiwa bado wadogo. Mwezi Aprili mwaka huo, Waziri wa Elimu wa Kenya, Bwana Julius Ogamba, alitangaza kwamba hisabati itaendelea kuwa ya lazima, ila itafundishwa kwa namna mbili. Wanafunzi wa mkondo wa sayansi watasoma hisabati ya kina. Wale wa mikondo miwili mingine watasoma hisabati nyepesi zaidi, ya mahitaji ya maisha ya kila siku.

Uamuzi huo uliwatuliza wengi, lakini haukuondoa kiini cha tatizo. Hisabati zote mbili zina heshima yake, na hakuna aibu kwa mtoto kusoma mojawapo. Hata hivyo haziongozi mahali pamoja. Kijana anayetaka kujenga madaraja, kurusha ndege au kutengeneza mitambo ya mawasiliano hana budi kupita katika hisabati ya kina. Askari wanalifahamu jambo hili kuliko watu wengine. Mpiga mzinga hukadiria pembe na umbali. Msoma ramani hutafuta uelekeo. Mhandisi wa medani hupima uzito ambao daraja linaweza kuubeba. Na polisi wa usalama barabarani hupima alama za breki ili kujua mwendo wa gari lililopata ajali. Yote hayo ni hesabu.

Sasa mtoto hupangwaje? Wazazi wengi huamini kwamba kila kitu huamuliwa na mtihani wa mwisho. Nchini Kenya sivyo ilivyo. Katika alama za kumpangia mwanafunzi, mtihani wa gredi ya 9 una asilimia 60. Asilimia 20 hutokana na tathmini ya gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine hutokana na kazi zinazopimwa shuleni katika gredi ya 7 na ya 8. Kwa maneno mengine, mtoto anapoketi kufanya mtihani wa mwisho, asilimia 40 ya alama zake zimekwisha andikwa na haziwezi kufutwa. Aidha, kundi la kwanza lilitakiwa kuchagua mikondo na shule 12 kabla ya kufanya mtihani. Mzazi aliyengoja matokeo ndipo aulize habari za mikondo aliuliza wakati uamuzi mkubwa umekwisha pita.

Ni dhahiri, basi, kwamba katika mpango wa namna hii habari ni sehemu ya elimu yenyewe. Jeshini inajulikana kwamba amri isiyofika kwenye kikosi ni sawa na amri isiyotolewa. Vivyo hivyo, mwongozo mzuri wa wizara unaobaki katika kabati la mwalimu mkuu haumsaidii mzazi aliyeko shambani, sokoni au kambini.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inatambua haki hiyo. Inaagiza shule ziwe na bodi ya usimamizi na chama cha wazazi. Lakini sheria haiiti mkutano peke yake. Sekondari nyingi za chini ziliwekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, mara nyingi zikiwa na upungufu wa walimu wa sayansi na hisabati. Mwaka 2024 walimu wa muda wa shule hizo waligoma wakidai ajira ya kudumu, na vipindi vikasimama katika shule nyingi. Mzazi asiyeambiwa kwamba mwanawe amekosa hisabati kwa majuma kadhaa atamlaumu mtoto kwa uvivu, kumbe kosa si lake.

Wanaoumia zaidi ni watoto wa wafanyakazi wanaohamishwa mara kwa mara, na askari ni wa kwanza katika orodha hiyo. Chukua mfano wa askari polisi anayehamishwa kutoka Nakuru kwenda Lodwar katikati ya mwaka. Mtoto wake wa gredi ya 8 anaingia shule mpya, na kumbukumbu za kazi zake zilizopimwa zinabaki nyuma. Baba yuko doria, mama ndiyo kwanza anapanga nyumba, na mkutano wa wazazi umekwisha fanyika. Hakuna aliyefanya hila, lakini mtoto huyo anaweza kujikuta katika mkondo ambao hakuna mtu nyumbani aliyeufikiria. Majuto ni mjukuu.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Shule inapaswa kumweleza mzazi mapema, kwa lugha anayoielewa, mambo manne: mtoto amefikia wapi katika hisabati, ni kazi zipi zinazohesabiwa, uchaguzi wa mkondo utafanyika lini, na kila mkondo unafungua milango gani na unafunga ipi. Mzazi naye ana wajibu wake. Akague daftari la mtoto hata akiwa likizo ya siku mbili. Akihamishwa, asiondoke bila kumbukumbu za shule. Akiwa mbali, amteue ndugu au jirani mwaminifu wa kuhudhuria mkutano kwa niaba yake. Zaidi ya hayo, amsikilize mtoto mwenyewe, kwani mkondo uliochaguliwa kwa sifa ya baba huweza kuwa mzigo kwa mwana.

Tanzania haiwezi kuyatazama mambo haya kama mtazamaji wa ng'ambo ya mto. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeleta elimu ya lazima ya miaka 10, na sekondari sasa ina mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa elimu ya amali. Hapa pia mtoto huchukua njia yake mapema kuliko wazazi wake walivyochukua. Zamani familia ilipata muda wa kungoja, kwa kuwa njia zilikuwa chache na zilitengana baadaye. Leo njia ni nyingi, na zinatengana mtoto akiwa bado anahitaji kushikwa mkono.

Kenya imeonyesha kwamba wananchi wakielezwa jambo huuliza maswali, na maswali yao yanaweza kurekebisha uamuzi. Faida hiyo itakuwa kamili pale tu habari itakapofika katika kila nyumba, ikiwa ni pamoja na nyumba ya askari aliyeko mpakani, anayelinda taifa usiku huku mwanawe akihangaika na hesabu kwa mwanga wa taa.