Mama, Itazame Mboni ya Jicho la Mwanao

Siku ya chanjo, kabla hatujampima mtoto uzito, mama mmoja alituambia kwa sauti ya chini, "Nesi, usiku jicho la huyu linang'aa kama la paka." Mama mkwe alimwambia ni dalili ya bahati. Kituo kimoja kilimpa dawa ya matone. Miezi minne ilikuwa imeshapita.

Sisi wauguzi maneno hayo hututia hofu. Mboni ya jicho ni nyeusi. Ikionekana nyeupe, hasa inapomulikwa na taa au kamera, huenda ni mtoto wa jicho, lakini huenda pia ni retinoblastoma, kansa iotayo ndani ya jicho, nyuma kabisa. Huwapata watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka 5. Makengeza yanayoanza ghafla nayo yasidharauliwe. Mtoto hana homa, anacheza na kunyonya vizuri, ndiyo maana tunachelewa.

Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Alfred Knudson, alipitia kumbukumbu za wagonjwa 48 wa kansa hii. Aliona kwamba watoto wenye uvimbe katika macho yote mawili huugua mapema zaidi. Akakisia hivi: kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni inayozuia uvimbe huu, moja ya baba na moja ya mama. Zote mbili zikiharibika katika chembe moja ya jicho, kansa huanza. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu amebakiza hatua moja tu. Mwaka 1986 jeni yenyewe ilipatikana, nayo inaitwa RB1. Knudson alikuwa amekisia sawasawa.

Basi mzazi mwenye jeni hiyo mbovu aweza kumrithisha nusu ya watoto wake. Penye kipimo, mtoto hupimwa damu mara azaliwapo. Aliyerithi huchunguzwa macho mara kwa mara, na uvimbe ukiwa bado mdogo huchomwa kwa leza au kugandishwa kwa baridi kali, pengine pamoja na dawa za kansa, na jicho hubaki. Kwa wengi wetu kipimo hicho kiko mbali. Lakini kama katika ukoo yupo aliyetolewa jicho utotoni, mwambie daktari, na mtoto achunguzwe na mtaalamu wa macho hata kama haonyeshi dalili. Hospitali kama Muhimbili na KCMC wanao. (Na akina baba wasikimbilie kusema "ni damu ya kwenu." Zaidi ya nusu ya watoto hawa hawakurithi kitu kwa mtu.)

Binti yule uvimbe ulikuwa umeshajaa jichoni. Daktari alisema jicho litolewe. Baba akakataa: "Msichana wa jicho moja ataolewa na nani?" Tulikwenda nyumbani kwao jioni mbili, sisi na akina mama wawili wa kanisa. Hatukumhubiria. Tulimweleza tu kwamba kansa hii hufuata mshipa wa fahamu wa jicho mpaka kwenye ubongo, na ikifika huko ni vigumu mno kumwokoa mtoto. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza nauli ni kiasi gani.

Sasa binti yuko darasa la pili, ana jicho la bandia, na wenzake wengi hawalijui. Mdogo wake alipozaliwa, ni baba aliyemleta kuchunguzwa macho, akiwa na wiki mbili.