Ndiva: Somo la Uendeshaji wa Kazi

Katika milima ya Upare, kuanzia juu ya Ziwa Jipe hadi Same, wakulima tangu kale hujenga ndiva: bwawa dogo likusanyalo maji ya mfereji usiku ili yagawanywe kwa zamu mchana. Mfereji utoao lita 2 kwa sekunde hujaza lita 86,400 kwa saa 12. Akiba hiyo ikifunguliwa kwa saa 4, hutoka lita 6 kwa sekunde, maji yawezayo kufika shamba la mbali badala ya kuishia udongoni njiani. Kiwanda nacho huweka akiba ya malighafi ili mashine zisisimame. Lakini zahanati haiwezi kulimbikiza huduma: saa ya mganga iliyopita bure hairudi. Hapo tegemeo ni zamu iliyopangwa vyema.