Gari la intaneti: Huduma hubaki ng'ambo, vifaa hufika bandarini

WAFANYABIASHARA wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japan na Uingereza wana kila sababu ya kusoma upya karatasi ya mnada kabla ya kutuma fedha. Miongoni mwa sifa zinazopamba magari ya miaka ya karibuni, ipo moja ambayo haivuki bahari. Hiyo ni huduma ya intaneti iliyojengwa ndani ya gari.

Sifa hiyo hutajwa kwa majina mengi. Kuna ramani inayopokea habari za foleni, mlango unaofunguliwa kwa simu, kiyoyozi kinachowashwa kabla dereva hajafika, na kitufe cha kuomba msaada baada ya ajali. Mnunuzi anayesoma orodha hiyo huamini kuwa yote ni vifaa, kama ilivyo taa au tairi la akiba.

Ukweli wa soko ni tofauti. Vifaa vimo ndani ya gari, lakini huduma inayoviendesha ni ya kupanga, na mwenye nyumba yuko Toyota City, Munich au Detroit. Mkataba huo una mwisho wake, na mara nyingi haumfuati mpangaji akihama nchi.

Kodi badala ya mauzo

Biashara hii si ngeni. Kampuni ya General Motors (GM) ya Marekani ilianza kuuza huduma yake ya OnStar mwaka 1996, ikianzia kwenye magari ya Cadillac. Kilichobadilika ni ukubwa wa matumaini.

Oktoba 2021, GM iliwaeleza wawekezaji kuwa inalenga kupata kati ya dola bilioni 20 na bilioni 25 kwa mwaka kutokana na programu na huduma ifikapo mwaka 2030. Desemba mwaka huo huo, Stellantis, kampuni mama ya Peugeot, Fiat na Jeep, ilitangaza lengo la euro bilioni 20 kwa mwaka kwa kipindi hicho hicho.

Hesabu yao ni rahisi. Gari huuzwa mara moja, ilhali ada hulipwa kila mwezi. Kwa mfano, Tesla imekuwa ikitoza dola 9.99 kwa mwezi nchini Marekani kwa huduma yake ya juu ya intaneti. Kwa miaka mitano, mteja mmoja huleta dola 599.40 bila kiwanda kuongeza hata skrubu moja.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Novemba 2022, Mercedes-Benz ilitangaza Marekani ada ya dola 1,200 kwa mwaka ili baadhi ya magari yake ya umeme yaongeze kasi ya kuondoka. Mota zilikuwa ni zile zile, na kilichofunguliwa ni programu tu. Mteja wa miaka mitano angelipa dola 6,000.

Hata hivyo, wateja hawakukubali kila kitu. BMW ilipotaka dola 80 kwa mwaka ili mteja aendelee kutumia mfumo wa Apple CarPlay katika gari lake, malalamiko yalikuwa makubwa na ada hiyo ikafutwa Desemba 2019. Mwaka 2022 kampuni hiyo iliweka ada ya mwezi kwa viti vyenye joto katika baadhi ya nchi, zikiwemo Korea Kusini na Uingereza. Mwaka uliofuata ilitangaza kuachana na mpango huo.

Funzo kwa mwekezaji ni kuwa mlaji yuko tayari kulipia kinachomgharimu muuzaji kila siku, kama vile data na ramani mpya. Hayuko tayari kulipia mara ya pili kifaa ambacho tayari yumo ndani yake amekikalia.

Nani anamiliki skrini?

Vita kubwa sasa ni ya skrini. Machi 2023, GM ilitangaza kuwa magari yake mapya ya umeme hayatakuwa na CarPlay wala Android Auto, mifumo inayoleta picha ya simu kwenye skrini ya gari. Kampuni ilieleza kuwa mfumo wake wenyewe utalingana vizuri zaidi na mahesabu ya betri na vituo vya kuchaji.

Maelezo hayo yana uzito wake, lakini ipo pia sababu ya duka. Dereva anayetumia ramani na muziki wa simu yake hana haja ya kulipa ada nyingine kwa kiwanda. Anayemiliki skrini ndiye anayepanga bidhaa kwenye rafu.

Aidha, skrini huleta habari za mteja. Januari 2025, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza hatua dhidi ya GM na OnStar kwa madai ya kukusanya na kuuza habari za mahali magari yalipo na jinsi yanavyoendeshwa bila ridhaa ya kutosha ya wenye magari. Amri iliyopendekezwa ilikuwa kuzizuia kwa miaka 5 kupeleka habari hizo kwa mashirika yanayotoa ripoti za watumiaji, ambayo ripoti zake hutumiwa na kampuni za bima kupanga viwango.

Mtandao unapozimwa

Hatari ya pili inamgusa moja kwa moja mwenye yadi Dar es Salaam, Mombasa au Kampala. Gari linaweza kutembea miaka 20, lakini mitandao ya simu haiishi muda huo.

Nchini Marekani, AT&T ilizima mtandao wake wa 3G Februari 2022, na Verizon ikafuata mwishoni mwa mwaka huo. Japan, kampuni ya KDDI ilizima 3G yake Machi 31, 2022. Magari yaliyotegemea mitandao hiyo yalipoteza huduma ingawa injini zilikuwa nzima.

Uingereza nako, wenye Nissan Leaf na magari madogo ya mizigo ya e-NV200 ya hadi mwaka 2019 walifungiwa programu ya simu kuanzia Aprili 1, 2024. Kabla ya hapo waliweza kuangalia chaji na kuwasha joto la ndani wakiwa mbali. Sababu iliyotolewa ni kuzimwa kwa mtandao wa 2G, ambao magari hayo yaliutegemea.

Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Kwa hiyo, gari la wastani linaloshuka bandarini lina chipu ya mawasiliano iliyobuniwa miaka mingi nyuma, na chipu hiyo imefungwa kimkataba kwa kampuni ya simu ya huko lilikotoka. Kuweka laini ya hapa si suala la kufungua kifuniko na kuchomeka.

Hivyo basi, mfanyabiashara anayelinganisha magari mawili ya aina moja, umri mmoja na kilomita zinazokaribiana asiongeze hata dola moja kwa sababu ya huduma ya intaneti ya kiwandani. Kwenye vitabu vyake, sifa hiyo iandikwe sifuri mpaka ithibitishwe kinyume.

Redio iliyobaki Japan

Waagizaji wa siku nyingi wanalifahamu tatizo hili kwa sura yake ya zamani. Redio za FM za Japan hupokea masafa ya kuanzia megahezi 76, na nyingi za zamani huishia 90. Stesheni za Afrika Mashariki ziko kati ya 87.5 na 108. Matokeo yake, mteja hupata stesheni chache mpaka fundi afunge kifaa cha kuhamisha masafa au abadilishe redio.

Kwenye redio za kisasa zaidi tatizo limeongezeka. Maandishi ni ya Kijapani na ramani ni ya Japan. Baadhi hudai kadi ya kumbukumbu iliyokuja nayo. Kadi ikipotea njiani, au betri ikichomolewa, redio hujifunga na kudai namba ya siri.

Gharama ya kubadilisha redio hiyo ni sehemu ya gharama ya gari. Iingizwe kwenye hesabu kabla ya kuagiza, pamoja na ushuru na usafirishaji, siyo baada ya mteja kurudi yadi akilalamika.

Simu ndiyo njia nafuu

Jibu la bei nafuu liko mfukoni mwa mteja. Apple ilitangaza CarPlay mwaka 2014, na Android Auto ikaanza kutumika mwaka 2015. Simu tayari ina laini ya hapa, ramani ya hapa na bando lililolipiwa. Gari hutoa skrini na spika tu.

Kwa mwenye hisa ndogo hilo lina maana yake. Dereva anayetumia simu ndani ya gari hununua data kutoka kwa kampuni ya simu ya nchini, zikiwemo Safaricom, iliyoorodheshwa Nairobi mwaka 2008, na Vodacom Tanzania, iliyoorodheshwa Dar es Salaam mwaka 2017. Fedha ambayo viwanda vya magari vinaitamani huku kwetu huingia kwenye mauzo ya bando.

Lakini njia hii nayo ina usumbufu, hasa kuunganisha bila waya. Mteja husema "redio mbovu" na kudai arudishiwe fedha, ilhali mara nyingi kosa halipo kwenye redio.

Ni vyema muuzaji ajue mambo yanavyokwenda. Bluetooth kazi yake ni kutambulisha simu na gari. Baada ya hapo picha na sauti hupita kwenye Wi-Fi, kwa kawaida ya masafa ya gigahezi 5. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga simu kupitia spika za gari bila taabu na bado skrini ikakataa kuonyesha ramani. Bluetooth ni nzima, tatizo liko hatua ya pili.

Mpangilio wa kutafuta kosa unaookoa muda ni huu:

1. Anza na waya. Mfumo ukifanya kazi kwa waya na kukataa bila waya, kosa liko kwenye Wi-Fi au gari hilo halikutengenezwa kuunganishwa bila waya. Ukikataa hata kwa waya, badilisha waya kwanza, kwani nyaya nyingi za bei ya chini huchaji tu bila kupitisha data.

2. Hakikisha simu inafaa. Kwa Android Auto bila waya, simu yenye Android 11 au zaidi na Wi-Fi ya gigahezi 5 ndiyo ya uhakika. Kwa iPhone, Siri lazima iwe imewashwa, vinginevyo CarPlay haiji.

3. Futa pande zote mbili. Jina la gari lifutwe kwenye simu na jina la simu lifutwe kwenye gari. Zima vyote, washa, kisha unganisha upya. Kufuta upande mmoja tu huacha kumbukumbu ya zamani inayogombana na mpya.

4. Angalia vizuizi vya simu. Wi-Fi iwe imewashwa, na VPN pamoja na hali ya kubana matumizi ya betri vizimwe kwa muda.

5. Tafuta simu nyingine. Gari linaweza kushika simu ya mke au ya dereva wa jana iliyo karibu, na ya mwenye gari ikabaki nje.

6. Pima joto. Simu iliyowekwa kwenye dashibodi juani huku inachaji hupunguza kazi yenyewe ili isiharibike, na mawasiliano hukatika.

7. Sasisha programu za simu na za redio, hasa kama tatizo lilianza baada ya upande mmoja kusasishwa.

Adapta zina mipaka

Adapta ndogo zinazochomekwa kwenye tundu la USB ili kuondoa waya zina soko, lakini ziuzwe kwa maelezo. Nyingi hufanya kazi kwenye gari ambalo tayari lina CarPlay au Android Auto ya waya. Gari lisilokuwa na mfumo huo kabisa halitapata chochote. Muuzaji asiyelisema hilo atarudishiwa mzigo.

Kwa wenye yadi, mambo matatu yanaweza kupunguza migogoro. Kwanza, kila gari lijaribiwe kwa iPhone moja na simu moja ya Android kabla ya kuwekewa bei. Pili, kumbukumbu za mmiliki wa zamani zifutwe, zikiwemo namba za simu na anwani ya nyumbani. Kwa gari lililotumika nchini likiwa na huduma hai, mmiliki wa zamani aliondoe kwenye akaunti yake, la sivyo anaweza kuendelea kuona lilipo. Tatu, ankara itaje kinachofanya kazi hapa nchini, siyo kilichoandikwa kwenye karatasi ya mnada.

Kwa mwekezaji anayefuatilia hisa za viwanda vya magari vya ng'ambo, idadi ya wateja waliosajiliwa isimpumbaze. Wengi huingia kwenye hesabu kwa sababu miezi au miaka ya mwanzo ni ya bure, au ada imefichwa ndani ya bei ya gari. Mwaka 2022, kwa mfano, GM iliweka mpango wa OnStar wa dola 1,500 kuwa wa lazima kwenye magari mapya ya Buick na GMC na kwenye Cadillac Escalade. Mteja wa namna hiyo hajachagua chochote. Swali la kuuliza kwenye kila ripoti ya mwaka ni wangapi waliendelea kulipa kwa hiari yao baada ya kipindi cha mwanzo kwisha.