Kadi Iliyoipa Apple II Diski

Kadi ya upanuzi ni kipande cha bodi ya umeme kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kuiongezea kazi ambayo haikuzaliwa nayo. Katika miaka ya 1970 kompyuta ndogo ilitoka kiwandani ikiwa na kichakataji na kumbukumbu kidogo, pengine na kibodi, basi. Kuchapa kwenye karatasi, kuwasiliana na kompyuta nyingine kwa njia ya simu, kuhifadhi kazi kwenye diski: kila jambo lilidai kadi yake. Altair 8800 ya mwaka 1975 ndiyo iliyoweka mtindo kwa sloti zake, yaani nafasi za kuchomekea kadi, za pini 100, ambazo kampuni nyingi ziliziiga. Hata hivyo, anayetaka kuuelewa ufundi huu aitazame Apple II, na hasa kadi moja iliyozoea kukaa katika sloti namba 6.

Apple II ilionyeshwa hadharani San Francisco mwezi Aprili 1977. Nyuma ya bodi yake kuu zilijipanga sloti nane, kuanzia namba 0 hadi 7. Steve Jobs wa kampuni ya Apple aliona mbili zingetosha, moja ya printa na moja ya modemu. Steve Wozniak, aliyeibuni mashine, alikataa katakata. Miaka iliyofuata ilionyesha nani aliona mbali.

Wingi wa sloti peke yake haukuwa jambo kubwa. Ustadi ulikuwa katika anwani. Kichakataji cha Apple II, 6502, hufikia anwani 65,536, na kwacho kadi ni sehemu ya kumbukumbu kama sehemu nyingine yoyote. Bodi kuu iliitengea kila sloti anwani 16 za kupokea amri, na zote isipokuwa namba 0 zilipata nyingine 256 kwa ajili ya programu fupi iliyoandikwa ndani ya kadi yenyewe. Bodi kuu ndiyo iliyotambua ni sloti ipi inayoitwa, kisha ikaipelekea kadi husika ishara kwamba zamu yake imefika. Kwenye mashine za ukoo wa Altair, mwenye kadi mara nyingi alilazimika kupanga swichi ndogondogo ili kadi mbili zisigombee anwani moja. Mwenye Apple II alichomeka, akawasha, akaandika PR#6, na programu iliyomo ndani ya kadi ikaanza kazi.

Kadi ya diski ilikuja kwa sababu ya kaseti. Apple II ya kwanza ilihifadhi programu kwenye kanda za kawaida za muziki, na kila aliyewahi kutafuta wimbo mmoja katikati ya kanda anaijua adha hiyo: ni kusogeza mbele, kurudisha nyuma, kubahatisha na kusubiri. Mike Markkula, aliyeingiza mtaji wake katika kampuni, alikuwa na programu ya kutunza hesabu za hundi iliyochukua dakika kadhaa kusomwa kutoka kwenye kanda. Desemba 1977 akataka diski. Maonyesho ya vifaa vya elektroniki ya Las Vegas yalikuwa Januari 1978, na Wozniak, akisaidiwa na kijana Randy Wigginton, alifanya kazi katika sikukuu zote za Krismasi.

Kiendeshi cha diski peke yake hakina akili. Kina mota inayozungusha diski mara 300 kwa dakika, mota nyingine inayosogeza kichwa cha kusomea kutoka mzingo mmoja, yaani duara moja la data, hadi mwingine, na kichwa chenyewe kinachohisi mabadiliko ya sumaku. Kidhibiti, yaani kadi yenyewe, ndicho kinachogeuza mabadiliko hayo kuwa baiti na kuamua mwanzo na mwisho wa kila sekta, yaani kila kipande cha mzingo. Vidhibiti vya wakati huo vilikuwa na chipu kwa makumi. Wozniak alichukua kiendeshi cha inchi 5.25 cha kampuni ya Shugart, akakipunguzia sehemu kubwa ya elektroniki zake, kisha akabuni kadi yenye chipu nane tu.

Aliweza kwa kuihamishia programu kazi iliyokuwa ya chipu. Moja ya chipu hizo nane ni kumbukumbu ya kudumu ya baiti 256, ikishirikiana na chipu ndogo ya kushikilia hali ya mashine. Hutazama hali iliyopo na ishara inayoingia, kisha huamua hali itakayofuata, mamilioni ya mara kwa sekunde bila kuchoka. Mengine yote hufanywa na kichakataji cha kompyuta. Biti moja hupita kila mikrosekunde nne, yaani baiti nzima kwa 32, na kichakataji chenye kasi ya takriban megahezi moja hupata mapigo 32 tu ya kuipokea na kuiweka mahali pake. Wakati wa kuandika, mapigo hayo lazima yahesabiwe moja moja. Ndiyo maana kompyuta haifanyi jambo jingine lolote diski inaposomwa.

Njia ya zamani ya kuandika diski ilitia alama ya saa kabla ya kila biti, hivyo nusu ya nafasi ilikwenda kwa saa. Wozniak aliziacha alama hizo. Badala yake alichagua baiti zisizo na sifuri nyingi zinazofuatana, kwa kuwa sifuri ni ukimya, na ukimya ukirefuka kidhibiti hupoteza hesabu. Mwanzoni baiti moja ya diski ilibeba biti tano za data, na diski ikapata sekta 13 kwa kila mmoja wa mizingo 35. Mwaka 1980 ikaonekana kwamba sifuri mbili mfululizo zinavumilika. Chipu mbili zikabadilishwa, baiti ikabeba biti sita, sekta zikawa 16, na diski ileile ikapanda kutoka takriban kilobaiti 114 hadi 140.

Ubahili huo wa vifaa una sauti yake. Kiendeshi hakikuwa na kitambuzi cha mzingo wa kwanza, hivyo kila mashine ikiwaka, kichwa hurudishwa nyuma kwa nguvu hadi kigonge kizuizi mara kadhaa. Mlio huo wa kukereketa huwatisha wageni, lakini ni wa kawaida kabisa.

Wengine walipita njia nyingine. Kiendeshi cha Commodore 1541 kilibeba kichakataji chake mwenyewe, hivyo mnunuzi aliondoka dukani na kompyuta mbili bila kujua. IBM PC ya Agosti 1981 ilitumia chipu maalumu ya NEC kwenye kadi iliyomeza moja ya sloti zake tano. Zote zilifanya kazi, ila hakuna iliyofikia wepesi wa kadi ya Apple.

Sloti zilizobaki hazikukaa wazi. Microsoft ilitoa kadi yenye kichakataji cha Z80 mwaka 1980, zikaja za kumbukumbu, za maandishi ya safu 80 na za sauti. Kadi ya diski yenyewe ilifinywa ikawa chipu moja iliyoingia katika Macintosh ya 1984. Siku hizi wapenzi wa mashine hizi huchomeka vifaa vinavyosoma kadi ndogo za kumbukumbu na kujifanya kiendeshi.

Atakayeipata Apple II nzima azime umeme kabla ya kuchomoa kadi yoyote, kisha aikague kebo ya kiendeshi mara mbili. Ina pini 20, na ikichomekwa pembeni kwa pini moja tu, huunguza chipu ndani ya kiendeshi mara umeme unapowashwa.