Kwa Nini Waingereza Huwasha Moto Tarehe 5 Novemba?

Mama mmoja wa kikundi cha akiba alitujia na swali. Kijana wake alisoma katika kitabu cha hadithi kwamba watoto wa Uingereza hutengeneza sanamu ya mtu kwa nguo kuukuu na majani makavu. Halafu usiku wa tarehe 5 Novemba sanamu hiyo huchomwa kwenye moto mkubwa, watu wakishangilia. Mama akauliza, "Huo si uchawi?" Sisi wenyewe hatukuwa na jibu. Basi tukaenda maktaba mjini.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha shule, nacho kilieleza upesi. Mwaka wa 1605 Wakatoliki wachache, wakiongozwa na Robert Catesby, walipanga kumwua Mfalme James wa Kwanza siku ya kufungua Bunge huko London. Walikodi chumba chini ya jengo la Bunge, wakaficha humo mapipa 36 ya baruti. Barua isiyo na jina ilimfikia mbunge mmoja kumwonya asihudhurie, naye akaipeleka serikalini. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba, Guy Fawkes alikamatwa akilinda baruti ile. Sanamu ni yake. Kwisha.

Tungeishia hapo, tungerudi na nusu ya habari. Kitabu cha pili kilikuwa kinene (tulianzia orodha ya majina iliyo mwisho wa kitabu, la sivyo tungekesha). Hicho kilieleza hasira ya watu hao ilitoka wapi. Wakati ule sheria ilimlazimisha kila mtu kusali katika Kanisa la Uingereza. Sheria ya 1581 ilimtoza asiyekwenda faini ya pauni 20 kwa mwezi, pesa ambazo kibarua wa shamba hakuzipata kwa mwaka mzima! Padre aliyekamatwa akisomesha misa kwa siri aliweza kuuawa. Wakatoliki walitumaini kwamba James, aliyepata kiti cha Uingereza mwaka wa 1603, angelegeza kamba. Hakulegeza kwa muda mrefu. Hatusemi kwamba hiyo ni ruhusa ya kulipua watu, lakini kitabu cha shule hakikugusa faini hata kidogo.

Kumbe hata moto haukuanza na sanamu. Watu wa London waliwasha mioto siku ile ile ya 5 Novemba kufurahia kwamba mfalme ameokoka, na Fawkes alikuwa bado hai kifungoni. Aliuawa tarehe 31 Januari 1606. Mwaka huo Bunge likapitisha sheria kwamba kila 5 Novemba watu waende kanisani kushukuru, na sheria hiyo ilidumu hadi 1859. Katika miaka ya 1670 sanamu iliyochomwa London ilikuwa hata ya Papa. Hebu fikiria wewe ni jirani Mkatoliki, unachungulia dirishani.

Lakini katika mji wa Lewes, kusini mwa Uingereza, usiku huo watu hubeba misalaba 17 inayowaka. Ni ukumbusho wa Waprotestanti 17 waliochomwa hai hapo kati ya 1555 na 1557, wakati wa Malkia Mary, aliyekuwa Mkatoliki. Kila upande ulikuwa na wafu wake.

Siku hizi watoto wengi huko hufurahia fataki na chakula tu. Tulimweleza mama kwamba si uchawi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kile kitabu kinene kinaazimwa. Kinaazimwa. Tulimwandikia jina lake kwenye karatasi.