Mtoto Akiuliza "Umejuaje?" Asikemewe

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hata hivyo, katika nyumba na madarasa yetu mengi, mtoto aulizaye aghalabu huonekana amekosa adabu.

Majuzi mpwa wangu, mwanafunzi wa Gredi ya Nne hapa Eldoret, alinijia akiwa na fadhaa. Alikuwa amefunzwa darasani kwamba mji huu uliitwa Sisibo, yaani sitini na nne, kwa sababu posta ilifunguliwa mwaka wa 1910 katika shamba nambari 64. Nyanyake naye alishikilia kuwa jina hilo lilitokana na umbali wa maili 64 kutoka kituo cha reli. "Mjomba," akaniuliza, "ni nani mwongo?"

Sikumpa jibu. Nilimpa ramani na rula. Nilimweleza kwamba huenda hakuna mwongo, kwani kila mmoja amesimulia alivyosikia. Kazi yake yeye ni kupima. Maili 64 ni takriban kilomita 103. Je, njia ya magari ya ng'ombe ilipita wapi kabla reli kufika hapa mwaka wa 1924? Ni nani aliyeyapa mashamba nambari? Na kabla ya nambari hizo, ni akina nani waliolisha mifugo kando ya mto Sosiani?

Hilo, kwa maoni yangu, ndilo Somo la Jamii hasa. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini kote mwaka wa 2019, unautaja uwazaji kina miongoni mwa nguzo zake. Lakini uwazaji kina hauletwi na waraka wa serikali. Mwalimu akiendelea kudai jibu moja la kukariri, tutakuwa tumebadilisha jina la mtaala tu.

Naling'ang'ania jambo hili kwa kuwa eneo letu lina kovu. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa, kanisa walimokimbilia watu, wengi wao wanawake na watoto, lilitiwa moto. Kabla ya moto kulikuwa na maneno juu ya jirani: katoka wapi, ana haki gani, anapanga nini. Wengi wetu tulioyasikia tulikuwa tumepita shuleni. Tulijua kutaja mito na milima, hatukuwa tumezoea kumwambia msemaji, "Umejuaje?"

Najua madarasa yamejaa na walimu wameelemewa. Najua pia kwamba wazazi wanahofia utovu wa heshima. Lakini swali hilo moja halihitaji vitabu vya ziada, na mtoto anaweza kufunzwa kuuliza kwa upole: "Samahani nyanya, ulisikia kwa nani?"

Udongo uwahi ungali maji. Anayepima leo habari za nambari 64 ndiye atakayezipima kesho habari za jirani yake.